Mikono Iliyozoea Nakala Tano

Wewe unayesoma haya, kama umeanza kuangusha vikombe na watu wa nyumbani wanasema umekuwa mzembe, kaa chini kidogo. Sikuandikii kama daktari. Miye ni daktilo, mpiga mashine wa ofisi hapa Kindu, tangu nikiwa msichana mpaka leo mvi zimejaa kichwani. Mambo ya mishipa na mifupa waulize waliosomea. Nitakueleza niliyoyaona kwenye mikono yangu mwenyewe, kwa sababu nilipokuwa katikati ya ugonjwa sikumpata hata mtu mmoja wa kuniambia, "Na miye pia."

Jina langu Mwamini. Mume wangu aliitwa Amisi. Au anaitwa, sijui niseme vipi. Alitoka mjini wakati wa vita kwenda Kibombo, hakurudi. Nyumba tuliyokaa siku zile ilibomoka, majirani wa zamani wametawanyika, simu hatukuwa nayo. Kama Amisi angerudi leo, mahali pekee anapopajua ni ofisini, mezani kwangu. Kwa hiyo ugonjwa huu uliponishika sikuogopa kukosa mshahara, niliogopa kuondolewa pale mezani. Nakuambia mapema ili usinione mpumbavu kwa jinsi nilivyong'ang'ania.

Ulianza kiangazi kimoja, taratibu, kama mgeni asiye na haraka. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vikawa na ganzi. Nilikuwa naamka alfajiri kwa swala nikikuta mkono umekufa, naukung'uta kama mtu anayekung'uta maji, unarudi huku unachoma. Nikasema nimeulalia vibaya. Mwezi wa pili nikaanza kuangusha vitu. Kikombe, mwiko, ufunguo. Nikashindwa kugeuza bugali kwenye sufuria, na sombe, yale majani ya muhogo, nikaacha kutwanga kabisa. Nikawa nanunua majani yaliyokwisha kutwangwa, na mwanamke wa Maniema anayenunua sombe iliyotwangwa na mwenzake, akiwa na kinu chake nyumbani, hasemi sana.

Halafu vikaja vifungo. Kuishi peke yako ni jambo rahisi mpaka asubuhi unaposhindwa kufunga gauni mgongoni. Nilisimama mbele ya kioo robo saa nzima, mikono nyuma, vidole havijui kifungo kiko wapi. Nikavaa kitenge juu ya mabega, nikatoka hivyo hivyo, nikagonga kwa jirani yangu Mama Feza.

"Mama Feza, unisaidie hapa nyuma."

Alinifunga bila kuuliza. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilipita kwake kama mtoto anayekwenda shule. Alikuwa na watoto sita wa kuvisha na miye nikawa wa saba. Mungu amlipe, maana hakuwahi kunitania kwa hilo, na Mama Feza anatania hata maiti.

Ofisini hali ilikuwa mbaya zaidi, lakini huko nilijificha. Nikueleze meza yangu ilivyokuwa, maana ugonjwa ulikaa pale. Kompyuta ilipoletwa mara ya kwanza ilipokelewa kama mgeni wa heshima. Ikapewa meza ndefu kuliko zote, ile ya mkuu aliyeondoka, na kitambaa cha kufuma kikatandikwa chini yake. Klaviye, ile mbao ya herufi, tuliiacha ndani ya nailoni yake vile ilivyotoka kiwandani, vumbi lisiingie. Nailoni ikipasuka tunaifunga nyingine. Miaka yote hiyo nilikuwa napiga juu ya nailoni, nimekaa kwenye kiti kifupi, mabega yamepanda masikioni, na ukingo wa meza unanikata viganja. Hakuna aliyeona kosa. Tuliona ndiyo adabu ya kutunza kitu cha Leta, mali ya serikali.

Binti yangu Zaina aliposikia, akapanda kutoka Kisangani kuja kuniona. Ni mtoto wangu mmoja tu, ana nyumba yake na mume wake huko. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili akasema ni watu wananiroga kwa sababu ya kazi. Siku ya tatu akanipeleka kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, naye akanichanja kwenye kiwiko na kifundo cha mkono, akasugua majivu meusi. Niliwashwa wiki mbili. Ganzi ikabaki pale pale, sasa ikiwa na alama.

Ndipo Zaina akasema lile alilolijia. "Mama, uache hii kazi. Ukuje Kisangani, ukae na miye. Chumba iko."

"Sitoki hapa."

"Unangojea nini hapa?"

Alijua ninachongoja, na miye nilijua kwamba anajua. Wakwe zangu wa Kibombo walitaka zamani nikae eda, niomboleze, mambo yaishe. Lakini kukaa eda ni kusema amekufa, na miye sikuona maiti wala kaburi. Nilikataa. Wakanikata, hata salamu hawaniletei. Zaina alikulia katikati ya ugomvi huo na umemchosha.

"Mama, uko unaoana na meza," akasema. Nikamwambia maneno ambayo mama hamwambii binti yake. Akaondoka kesho yake, na kwa miezi mingi simu yake ilikuwa ya kuuliza tu kama niko hai.

Hospitali nilikwenda mvua za kwanza zilipoanza. Kama hujawahi kungoja kwenye benchi ukiwa na ugonjwa usioonekana, jiandae. Kulia kwangu alikaa mchimbaji kutoka Pangi, mguu umefungwa mti na bendeji. Kushoto mama na mtoto mwenye homa. Wananitazama kutoka kichwani hadi miguuni, wanatafuta kidonda.

"Mama, weye uko na ugonjwa gani?" mchimbaji akauliza.

"Vidole."

"Vilikatika?"

"Hapana. Vinakufa ganzi."

Akatazama vidole vyangu, vizima, vina hina. "Ah," akasema, kisha kwa upole kabisa akaniomba nimpishe yule mama wa mtoto. Nikampisha. Nikampisha na mwingine. Kufika adhuhuri nilikuwa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa kutokea, nimeona haya kama mwizi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli, lakini ukikilalia peke yako unaanza hata wewe kujiuliza kama kunguni wapo. Nilirudi mara nne kabla sijamwona daktari.

Daktari alinigongagonga kifundo, akanikunja mkono, akasema mshipa umebanwa. Kuna operesheni, lakini si hapa, ni mji mwingine, na tujaribu kwanza kwa kine. Kine ni yule anayenyoosha viungo vya watu. Daktari akaongeza, bila kuinua macho: "Na mashine uache, Mama. La sivyo hiyo nyama ya dole gumba itakwisha kabisa." Nilitazama kiganja changu. Kweli, pale chini ya dole gumba palikuwa pamebonyea, na sikuwa nimeona.

Kazini nilipopeleka karatasi ya daktari, shefu, mkuu wa ofisi, alinisomea yake. Shefu wetu ni kijana, umri wa Zaina, ana heshima lakini ana woga wa wakubwa zake. "Mama Mwamini, miye sina shida na weye. Lakini mvua zikiisha na mukono bado haujapona, nitaweka mutu mwingine pale. Kazi haingojeake." Nikahesabu miezi ya mvua iliyobaki. Ilikuwa mitano.

Kine aliitwa Papa Useni. Chumba chake kilikuwa kidogo, kitanda kimoja, meza moja, kikombe cha chai juu yake. Hakunigusa mkono kwanza.

"Mama, tuonyeshe vile unapigaka mashine."

"Mashine iko wapi?"

"Piga tu kwa meza."

Nikaweka mikono, nikaanza barua ninayoijua kama Fatiha, ile ya "Nina heshima kuja mbele yako." Sikufika mstari wa pili. Kalamu yake ilianguka chini. Kikombe kilitembea mpaka ukingoni, akakidaka. Kisha akanishika vifundo vyote viwili, polepole, kama unavyomshika mtu anayepigana.

"Mama," akasema, "unapigaka nani?"

Hakuwa anatania. Miye nilicheka. Halafu nikajikuta nalia, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalia nikamweleza.

Wakati wa vita mji huu ulifungwa. Treni haiji, kitu hakiingii. Ukitaka kutoka, hata kwenda shambani kwako, lazima uwe na karatasi ya safari. Miye ndiye niliyezipiga. Nakala tano kwa mpigo mmoja, karatasi tano na kaboni nne katikati. Ya kwanza ya mkuu wa mji, ya pili ya askari, ya tatu ya wale wa usalama, ya nne ya kabati. Ya tano, ile ya chini kabisa, iliyofifia, ndiyo apewayo msafiri. Na msafiri ndiye anayesimama kwenye kizuizi mbele ya mtu mwenye bunduki. Utepe mpya haukuwepo. Tulipaka wa zamani masizi ya taa na mawese kidogo. Mashine ikawa inanata. Ukipiga kama kawaida, nakala ya tano inatoka kama ukungu.

Amisi alitaka kwenda Kibombo kumwona mama yake na kutafuta mchele. Nikampigia karatasi, nilikuwa nimechoka siku ile. Akaondoka asubuhi, saa sita mchana akarudi ofisini, anacheka.

"Mwamini, basoda wa kizuizi wanasema hii karatasi haina kitu. Ulipiga kama unapapasa mutoto."

Watu wa foleni wakacheka. Nilikuwa na majivuno ya kazi yangu, bado ninayo. Nikaona aibu. Nikachomeka karatasi tano nyingine, nikapiga kwa bega, kwa mgongo, kwa hasira. Herufi o zikatoboa ukurasa wa juu. Ya tano ikatoka nyeusi kama ya kwanza. Amisi akaiinua kwenye mwanga. "Hii sasa njo karatasi," akasema, ndiyo karatasi hasa. Nilikwenda baadaye kuuliza kizuizini. Walimpitisha bila neno.

Ile karatasi mbovu ilimrudisha kwangu. Nzuri ilimpitisha. Utasema basi ningechukia kupiga kwa nguvu. Hapana. Kesho yake foleni ilikuwa pale pale, mwenye mgonjwa, mwenye mtoto upande wa pili, na ningewezaje kumpigia mtu karatasi ya kumwaibisha mbele ya bunduki? Nikampigia kila mmoja karatasi yake kwa nguvu ile ile, miaka yote ya vita. Vita vikaisha, kaboni zikaisha, kompyuta ikaja. Mikono haikuambiwa.

Papa Useni alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole ndefu. Alisema, "Mama, chini ya klaviye ya leo hakuna kaboni. Herufi inatokaka hata ukigusa na unyoya wa kuku. Tutafundisha mikono." Sijui kama alijua alichonifanyia. Nilitoka pale mwepesi, na kufika nyumbani nikakuta hakuna wa kumwambia kwamba niko mwepesi.

Sasa sikiliza dawa. Alipasua bomba la plastiki, akalipasha moto, akalikunja kwa umbo la mkono wangu, akalitandika kipande cha kitenge ndani. Nilale nalo, kifundo kikae sawa, kisikunjike. Wiki tatu za kwanza nililichukia. Ya nne nikaamka alfajiri mkono unasikia shuka. Nilikaa kitandani nikishika shuka tu, mpaka mwadhini akamaliza.

Ya pili ilikuwa jani la mgomba. Nilibabue motoni lilainike, nilitandaze mezani, nipige barua juu yake bila kuacha alama. Jani la kwanza lilikuwa limedonolewa kama na kuku. Mazoea yana taabu, jamani. Nilipiga majani mwezi mzima, kila jioni, peke yangu, mwanamke mzima anabembeleza jani. Mama Feza akapita siku moja, akasimama mlangoni. "Nilidhani unafunga vipeto vya samaki," akasema, "kumbe unaliandikia mapenzi." Nilicheka mpaka tumbo likauma, nilikuwa sijacheka tangu kiangazi.

Ya tatu ni kukaa. Nilimwomba shefu tukate miguu ya ile meza. Akashtuka. "Meza ya Leta haikatwake miguu, Mama." Haya. Kama meza haishuki, miye nitapanda. Nikaweka mito miwili kwenye kiti na sanduku chini ya miguu, viwiko vikawa juu ya meza kidogo, mabega yakashuka. Wenzangu wakaniita sultani. Nailoni niliitoa mwenyewe, nikaitupa, na vumbi nikawa nafuta kwa kitambaa kila asubuhi. Ni kazi ya dakika moja. Tuliumia miaka mingi kwa kazi ya dakika moja.

Lakini bado vifundo vilijikunja kwa nje, maana klaviye ni nyembamba na miye ni mpana. Papa Useni akasema kuna nchi wanatengeneza za kugawanyika, kila mkono na nusu yake. Nikamwambia Kindu hazipo. Nikarudi ofisini, hasira imenikaa. Kwenye kabati kulikuwa na klaviye mbili zilizokufa nusu. Moja ilimwagikiwa chai, herufi za kulia haziandiki. Nyingine panya walitafuna, za kushoto haziandiki. Hakuna aliyezitupa, kwa sababu kitu cha Leta hakitupwi. Nikazichomeka zote mbili kwa pamoja. Nzima ya kushoto nikaiweka mbele ya bega la kushoto, ya kulia mbele ya bega la kulia, nikapiga jina langu. M kutoka huku, W na A kutoka kule, M tena huku. Likatokea lote kwenye kioo, Mwamini. Alhamdulillahi. Nimetazama mambo mengi yakitokea katika maisha yangu, hilo nalipenda.

Mvua zikawa zinakaribia kuisha. Asubuhi moja shefu alitoka ofisini kwake amekunja uso. Alikuwa na desturi ya kunisikiliza kupitia ukuta. Akisikia kelele, anajua kazi inakwenda.

"Mama Mwamini, umekuja leo? Sisikii kitu."

Nikamnyooshea kurasa za asubuhi ile. Akazisoma akiwa amesimama, zote, akitafuta kosa. Akatazama klaviye mbili, mito miwili, sanduku. Akatazama mikono yangu.

"Bon, sawa," akasema. "Utabakia." Akafika mlangoni mwake, akageuka. "Lakini unatutisha, Mama. Ofisi imekuwa kama msibani."

Mkono haukurudi wote. Dole gumba bado ni dhaifu, sombe natwangiwa, lakini vifungo nafunga mwenyewe, na nimemwambia Mama Feza awe na watoto sita tu. Operesheni sikuhitaji. Wewe pengine utaihitaji. Usione aibu, na benchi la hospitali usimpishe kila mtu. Zaina nilimpigia simu, nikamweleza yote, karatasi ya kwanza na ya pili, maana hakuwahi kuyajua. Kisha akasema, "Basi ukae, Mama. Tutakuja siye, wakati wa Idi." Hakurudia habari ya chumba.

Nilipata nilichokitaka. Niko mezani. Kuna jambo moja tu ambalo halikunijia akilini wakati napigania, na nakuambia kwa sababu nimeahidi kusema niliyoyaona.

Miaka yote ile kelele ya mikono yangu ilikuwa inafunika mlango. Mtu aliingia, alikohoa, aliita "Hodi" mara tatu, nami sisikii mpaka anisimamie mbele. Sasa napiga kama mtu anayegusa jani, na nasikia kila kitu. Nasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Nasikia ndara kwenye saruji, najua kama ni za mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Kila siku, mara ishirini, thelathini, hatua zinakuja, nami nasimamisha mikono juu ya klaviye zangu mbili na kungoja sura. Zamani nilikuwa nangoja bila kujua. Sasa nangoja nikisikia.

Juzi hatua zilikuja polepole, za mwanamume mzee, mguu mmoja unaburuta kidogo. Zikasimama mlangoni. Akapumua. Sikuinua macho mara moja. Nilimaliza neno nililokuwa naandika, kwa vidole vyepesi, bila kosa.

"Hodi, Mama. Hapa njo wanapigaka karatasi?"

Nikainua macho. Alikuwa mzee nisiyemjua.

"Ni hapa, Baba," nikasema. "Karibu, ukae. Jina lako nani?"